Kwa Nini Chandarua Hutolewa Bure: Takwimu za Kisii Zilizosaidia Kubadilisha Sera ya Dunia

Mama mjamzito anayehudhuria kliniki katika kaunti za Kisii na Nyamira hupewa chandarua chenye dawa bila kulipa chochote, chini ya mpango wa taifa wa kudhibiti malaria. Mtoto wake naye hupewa anapopelekwa kliniki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kila baada ya takriban miaka mitatu, kampeni ya kitaifa hugawa vyandarua kwa familia zilizoandikishwa, kwa kipimo cha chandarua kimoja kwa kila watu wawili.

Wakaazi wengi, hasa vijana, wamezoea utaratibu huu na huenda wakadhani umekuwapo tangu zamani. Sivyo. Hadi miaka ya mwanzo ya 2000, chandarua kilikuwa bidhaa ya kununuliwa, na lilikuwapo kundi kubwa la wataalamu, wafadhili na maafisa wa serikali mbalimbali walioamini kwamba ni lazima kiendelee kuuzwa. Hoja hiyo ilishindwa kwa takwimu, na sehemu ya takwimu hizo ilikusanywa katika nyumba za wakaazi wa Kisii.

Makala haya yanaeleza utafiti huo ulikuwa upi, nani aliuongoza, ulifanywaje, na kwa njia gani karatasi za kitaalamu zilizochapishwa mwaka 2007 zilifika mpaka kwenye meza za wanaoamua sera za afya duniani.

Ugonjwa wa nyanda za juu

Ili kuelewa umuhimu wa utafiti huo, ni vyema kwanza kuelewa malaria ya huku kwetu ilivyo tofauti na ya kando ya ziwa.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kadhaa za Nyamira ziko juu zaidi ya hapo. Baridi ya milima hupunguza kasi ya malaria. Kimelea kinachosababisha malaria kali huhitaji joto ili kukomaa ndani ya mwili wa mbu, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, ukuaji huo husimama. Kwa sababu hiyo, miaka mingi hupita wagonjwa wakiwa wachache.

Lakini uchache huo una hatari yake. Mtu anayeishi Homa Bay au Siaya huumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni, na akifikia utu uzima mwili wake huwa umejijengea kinga kiasi fulani. Mkaazi wa Kisii au Nyamira hana kinga hiyo. Mwaka wenye mvua nyingi na joto la kupita kawaida unapotokea, mbu huongezeka mabondeni, kando ya mito na kwenye mashimo ya matofali, na ugonjwa huwakuta wakubwa na wadogo wakiwa hawana kinga. Mara nyingi wagonjwa huongezeka baada ya mvua ndefu, kuelekea miezi ya Juni na Julai.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2002, wakati mlipuko ulipozikumba wilaya za nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, Gucha ikiwemo. Mlipuko huo uliandikwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2003, katika makala yaliyochunguza iwapo mifumo ya kutoa tahadhari ilifanya kazi ilivyotakiwa. Kwa familia nyingi za eneo hili, mafundisho ya miaka hiyo hayakuhitaji jarida; wodi zilijaa.

Mjadala wa bei

Kwamba chandarua chenye dawa huokoa watoto lilikuwa jambo linalojulikana tayari. Utafiti mkubwa uliofanywa Kilifi kati ya mwaka 1993 na 1995 ulionyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33 katika maeneo yaliyopewa vyandarua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996. Swali lililobaki lilikuwa moja: vyandarua vitafikaje kwa mamilioni ya watu, na nani atalipa?

Jibu la wengi wakati huo lilikuwa soko. Walisema kitu cha bure hakithaminiwi, kwamba atakayepewa chandarua atakitumia kufugia kuku au kuvulia samaki, na kwamba ugawaji wa bure utaua biashara ya wenye maduka na kuifanya nchi itegemee misaada milele. Kwa hiyo vyandarua vikauzwa madukani kwa bei iliyopunguzwa kwa ruzuku na kutangazwa redioni kama bidhaa nyingine. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004, vyandarua vya bei nafuu zaidi vilianza kuuzwa katika kliniki za akina mama na watoto kwa shilingi 50.

Wapo waliotilia shaka mpango wa kuuza. Mwaka 2002, watafiti Helen Guyatt, Sam Ochola na Robert Snow walichapisha makala kuhusu nyanda za juu za Kenya ambayo kichwa chake kilisema wazi kwamba watu ni maskini mno kulipa. Walilinganisha gharama ya kulikinga boma zima na matumizi mengine ya familia, karo ya shule ikiwemo. Hoja yao ilikuwa rahisi: boma lenye watu wanane halihitaji chandarua kimoja, na mkulima mwenye robo ekari ya chai au ndizi hana fedha za kununua vinne kwa mkupuo.

Mwaka huohuo, timu iliyomjumuisha Guyatt na Snow ilichapisha utafiti mwingine kutoka nyanda hizo, ukilinganisha vyandarua na upuliziaji wa dawa kwenye kuta za nyumba. Watu 2,907 walipimwa damu. Aliyelala ndani ya chandarua alipunguza hatari ya kuambukizwa kwa asilimia 63, na aliyeishi katika nyumba iliyopuliziwa alipunguza kwa asilimia 75. Kwa gharama, kuzuia ambukizo moja kwa kupulizia dawa kulikadiriwa kuwa dola 9 za Marekani, na kwa chandarua dola 29. Matokeo haya yanafaa kukumbukwa, kwa kuwa yanaonyesha kwamba chandarua si dawa ya kila kitu. Hata hivyo, upuliziaji hudai vikosi vilivyofunzwa, dawa mpya na kufika kila nyumba kwa wakati kabla ya msimu, mwaka baada ya mwaka. Chandarua cha kisasa, ambacho dawa yake imetiwa kiwandani, hukaa miaka kadhaa mikononi mwa mwenye nyumba.

Kilichokosekana katika mjadala huo wote ni ushahidi wa jambo linalotokea kijijini pale serikali inapobadilisha njia ya kugawa: nani anapata, nani anakosa, na watoto wangapi wanapona. Hapo ndipo Dkt. Abdisalan Mohamed Noor na wenzake walipoingia.

Mtafiti na ramani zake

Noor ni Mkenya aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kikundi cha utafiti wa malaria kilichoongozwa na Profesa Robert Snow jijini Nairobi, chini ya ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Utaalamu wake ni wa kuunganisha afya na jiografia: kuweka wagonjwa, zahanati na vijiji kwenye ramani ili kujua huduma inamfikia nani.

Kisii haikuwa ngeni kwake. Mwaka 2003, yeye na wenzake walichapisha makala iliyopima umbali kati ya nyumba za watu na vituo vya afya katika maeneo manne: Bondo, Kwale, Makueni na eneo lililoitwa Kisii Kuu. Mwaka 2006 walirudi kwenye maeneo hayo manne na kuboresha hesabu zao, wakionyesha kwamba mstari ulionyooka kwenye ramani haumwambii mpangaji ni safari ya namna gani mgonjwa huifanya. Mkaazi yeyote wa milima hii analijua hilo. Zahanati inaweza kuonekana kwa macho ng'ambo ya bonde, na bado ikawa mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Maeneo hayo manne hayakuchaguliwa ovyo. Bondo, iliyo kando ya ziwa, ina malaria kali mwaka mzima. Kwale ni pwani. Makueni ni nchi kavu yenye mvua chache. Kisii iliwakilisha nyanda za juu, ambako malaria huja kwa misimu na milipuko. Kwa pamoja, wilaya hizo ziliwapa watafiti picha ya Kenya katika sura zake tofauti.

Namna walivyohesabu

Utafiti wa vyandarua ulianza mwishoni mwa mwaka 2004 na kuendelea hadi mwishoni mwa 2006. Vijiji vilivyofuatiliwa vilikuwa katika maeneo 72 ya mashambani yaliyochaguliwa ndani ya wilaya hizo nne.

Wakusanyaji takwimu walienda nyumba kwa nyumba kila mwaka. Waliuliza ni watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wanaishi hapo, na kila mmoja alilala wapi usiku uliotangulia. Kama kulikuwa na chandarua, waliuliza ni cha aina gani, kina dawa au hakina, na kilipatikana wapi: dukani, kliniki au kwenye kampeni. Waliandika pia hali ya nyumba na mali zilizomo, ili familia ziweze kupangwa kwa makundi kuanzia maskini zaidi hadi zenye uwezo zaidi. Mwaka uliofuata walirudi katika nyumba zilezile. Waliuliza tena kuhusu watoto walewale. Na pale mtoto alipokuwa amefariki, hilo nalo liliandikwa.

Kazi ya aina hii haina kishindo. Inategemea mambo mawili: mkusanyaji asiyechoka kupanda mlima kuifikia nyumba ya mwisho, na mzazi anayekubali kujibu maswali, likiwemo lile la kumtaja mtoto aliyempoteza.

Wakati utafiti ukiendelea, sera yenyewe ilibadilika. Mwaka 2006, serikali ya Kenya iligawa bure vyandarua takriban milioni 3.4 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, katika kampeni ya mwezi Julai na nyingine ya Septemba, sehemu yake ikienda sambamba na chanjo ya surua. Hivyo watafiti walikuwa na vipimo vya vipindi vitatu katika vijiji vilevile: kipindi cha kununua dukani, kipindi cha kununua kliniki kwa shilingi 50, na kipindi cha kupewa bure.

Walichokipata

Makala ya kwanza ilichapishwa katika jarida la PLoS Medicine mwezi Agosti 2007. Waandishi wake walikuwa Noor, Abdinasir Amin, Willis Akhwale, ambaye wakati huo aliongoza kitengo cha kudhibiti malaria katika Wizara ya Afya, na Snow.

Mwaka 2004, ni asilimia 7.1 tu ya watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa. Mwaka 2005, baada ya kliniki kuanza kuuza kwa shilingi 50, idadi ilipanda hadi asilimia 23.5. Mwaka 2006, baada ya kampeni ya bure, iliruka hadi asilimia 67.3.

Takwimu iliyogusa zaidi ilikuwa ile ya tofauti kati ya maskini na wenye uwezo. Mwaka 2004, wakati wa soko, asilimia 15.6 ya watoto wa familia zenye uwezo zaidi walikuwa na kinga hiyo, lakini katika familia maskini zaidi walikuwa asilimia 2.9 peke yake. Mwaka 2006, familia maskini zilifikia asilimia 66.3 na zenye uwezo asilimia 66.6. Pengo lilikuwa limefungika. Soko lilikuwa limemfikia aliyekuwa na fedha. Ugawaji wa bure ulimfikia kila mtu.

Makala ya pili ilitoka katika The Lancet mwezi Septemba 2007, ikiongozwa na mtaalamu wa takwimu Greg Fegan pamoja na Noor, Akhwale, Simon Cousens na Snow. Hii ilifuatilia uhai wa takriban watoto 3,500 katika vijiji hivyohivyo. Ilionyesha kwamba watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 44 wakilinganishwa na wasiolala ndani yake. Watafiti walikadiria kwamba kwa kila vyandarua 1,000 vilivyogawanywa, vifo saba hivi vya watoto viliepukwa. Kwa hesabu nyepesi, ni mtoto mmoja kwa kila vyandarua 143, idadi inayoweza kutosha kijiji kimoja kidogo.

Ni haki kueleza pia mipaka ya matokeo hayo. Takwimu hizo ni za wilaya nne zikiwa zimejumlishwa, na hazisemi kwamba kila wilaya ilipata faida sawa. Kiwango cha asilimia 44 ni makadirio, na wigo wake ulikuwa mpana, kwa hiyo faida halisi ingeweza kuwa ndogo au kubwa zaidi. Tena, familia inayotumia chandarua huenda ikatofautiana na jirani yake kwa mambo mengine, kama vile elimu ya mama au kipato, na watafiti walilazimika kuyazingatia hayo katika hesabu zao. Lakini matokeo hayo yalielekea upande uleule na majaribio ya awali kama lile la Kilifi, na safari hii hayakutoka katika jaribio lililosimamiwa kwa karibu na wanasayansi. Yalitoka katika maisha ya kawaida ya kijiji, pamoja na vyandarua vyake vilivyotoboka na usiku ambao mtoto hulala kwa nyanya yake.

Kutoka jaridani hadi kliniki

Makala ya kitaalamu husomwa na wachache. Inakuwaje basi ibadilishe maisha ya watu ambao hawatawahi kuiona?

Njia ya kwanza ni sera. Mwezi Agosti 2007, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya likipendekeza kwamba vyandarua vya kudumu vyenye dawa vigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa, na vitumiwe na jamii nzima, si watoto na wajawazito peke yao. Katika kutangaza mwongozo huo, shirika lilitaja matokeo ya Kenya, ikiwemo ile asilimia 44, kuwa mfano wa jambo linalowezekana. Ushiriki wa Akhwale ulisaidia pia: mmoja wa waandishi alikuwa ndiye msimamizi wa mpango wa nchi, hivyo matokeo hayakuhitaji kutafuta mlango wa kuingilia wizarani.

Njia ya pili ni ile wanataaluma wanayoiita kunukuliwa. Kila mtafiti anapoandika makala mpya, hulazimika kutaja kazi zilizomtangulia ambazo amejengea juu yake. Kazi inayotajwa tena na tena huwa msingi wa maswali mapya. Mmojawapo wa mijadala iliyofuata ulihusu ile hofu ya zamani kwamba cha bure hakithaminiwi. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya jaribio katika kliniki za magharibi mwa Kenya, ambako wajawazito wa kliniki fulani walipewa vyandarua bure na wengine waliuziwa kwa bei mbalimbali. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba waliopewa bure walivitumia sawasawa na walionunua. Bei ilipopandishwa kutoka sifuri hadi senti 60 za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Yaani bei haikuwachuja wasiojali. Iliwafungia nje waliohitaji.

Njia ya tatu ni hesabu ya dunia. Takwimu za nyumba kwa nyumba kutoka nchi nyingi zilikusanywa na kuchorwa kwenye ramani moja. Mwaka 2014, Noor aliongoza makala katika The Lancet iliyotumia vipimo vya zaidi ya jamii 26,000 kuonyesha jinsi hatari ya malaria ilivyobadilika barani Afrika kati ya mwaka 2000 na 2010. Mwaka uliofuata, kundi jingine la watafiti lilikadiria katika jarida la Nature kwamba hatua za kudhibiti malaria zilikuwa zimezuia visa milioni 663 barani Afrika tangu mwaka 2000, na kwamba asilimia 68 ya mafanikio hayo ilitokana na vyandarua. Baadaye Noor alihamia WHO mjini Geneva, akaongoza kitengo kinachoandaa Ripoti ya Malaria Duniani, ambayo kila mwaka huzipa nchi na wafadhili picha ya mahali ugonjwa ulipo.

Hivyo ndivyo jibu la mzazi mmoja wa Kisii, aliyeulizwa mwanawe alilala wapi jana usiku, lilivyopanda kutoka daftari la mkusanyaji hadi kuwa sehemu ya hoja iliyotumiwa kuamua juu ya mamilioni ya vyandarua.

Kwa nini jambo hili bado ni la leo

Kuna sababu tatu za wakaazi wa Kisii na Nyamira kuufahamu utafiti huu sasa.

Ya kwanza ni fedha. Sehemu kubwa ya vyandarua vinavyogawiwa nchini imelipiwa na wafadhili wa nje. Misaada ikipungua, swali la miaka ya 2000 litarudi: je, watu walipe? Wananchi watakaoshiriki vikao vya maoni kuhusu bajeti ya afya wanapaswa kujua kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa, likapimwa hapahapa, na jibu lake lina namba.

Ya pili ni kusahau. Malaria imepungua sana katika nyanda za juu, na ni kawaida kusikia mtu akisema huku hakuna mbu. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba karibu asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika ukanda wa ziwa walikuwa na vimelea, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6. Wakaazi wetu husafiri kila siku kwenda Homa Bay, Migori na Kisumu kwa biashara, masomo na mazishi, na vimelea husafiri nao kurudi. Joto nalo halijasimama: utafiti ulioongozwa na Judy Omumbo, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba joto katika mashamba ya chai ya Kericho, jirani zetu, lilikuwa likipanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Jamii isiyo na kinga mwilini haipaswi kuwa pia jamii isiyo na chandarua kitandani.

Ya tatu ni matumizi. Utafiti haukuwapima watoto waliokuwa na chandarua nyumbani. Uliwapima waliolala ndani yake. Chandarua kilichokunjwa kabatini kikisubiri mgeni, au kilichozungushiwa kitalu cha sukuma wiki, hakimo katika ile asilimia 44.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

Chandarua kipya kitolewe kwenye mfuko na kuanikwa kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumiwa. Kifungwe vizuri juu ya kitanda au mkeka na kuchomekwa chini ya godoro kila usiku, mwaka mzima, hata msimu wa baridi. Kikichafuka, kifuliwe taratibu kwa maji na sabuni ya kipande, bila dawa ya kung'arisha nguo, kisha kianikwe kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu dawa. Tundu dogo lishonwe mapema.

Mtu yeyote akipata homa, mtoto au mtu mzima, afike kituo cha afya au amwone mhudumu wa afya ya jamii ndani ya saa 24 ili apimwe kabla ya kumeza dawa. Si kila homa ni malaria, na si kila malaria husubiri. Akipewa dawa, amalize dozi yote hata kama amepata nafuu.

Mjamzito au mzazi wa mtoto mchanga ambaye hajapewa chandarua aulize katika kliniki anayohudhuria. Vikiwa vimeisha siku hiyo, aulize vitarajiwe lini na jina lake liandikwe.

Mtafiti akibisha hodi

Utafiti mpya wa afya hufanyika mara kwa mara katika kaunti zote mbili, na utaendelea kufanyika. Mkaazi anayetembelewa ana haki zake. Anaweza kuomba kuona kitambulisho cha mkusanyaji takwimu na barua ya idhini. Utafiti halali huwa na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na chifu au mhudumu wa afya ya jamii wa eneo huwa amearifiwa. Mkaazi aelezwe kwa lugha anayoielewa, Ekegusii ikiwemo, utafiti unahusu nini, majibu yake yatahifadhiwaje, na kama kuna damu itakayotolewa. Anaweza kukataa, au kukubali kisha akaacha katikati, bila kunyimwa huduma yoyote ya hospitali kwa sababu hiyo.

Pia ana haki ya kuuliza matokeo yatarudishwaje kijijini. Hili ni dai la msingi, kwani mara nyingi matokeo husomwa Nairobi, London na Geneva kabla ya kusikika Marani au Ekerenyo.

Akisharidhika na hayo yote, inafaa ajibu kwa ukweli, hata pale ukweli unapokuwa kwamba mtoto hakulala ndani ya chandarua. Takwimu za mwaka 2004 zilikuwa na nguvu kwa sababu wazazi zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikiri kwamba watoto wao hawakuwa na kinga hiyo. Lau wangejibu ili kumfurahisha mgeni, tatizo lisingeonekana, na huenda vyandarua vingeendelea kuuzwa dukani.